Mbio za Hisani Oysterbay Chini ya Mvua ya Masika: Tathmini ya Mkimbiaji wa Miaka 63

Tangu nistaafu ualimu miaka mitatu iliyopita nimeshiriki mbio za hisani mara kumi na moja, na sijawahi kulowa kama nilivyolowa katika mbio za Aprili pale Oysterbay, Dar es Salaam, wala sijawahi kurudi nyumbani nikiwa nimeridhika kiasi kile. Tathmini hii nawaandikia hasa watu wa rika langu, wanawake kwa wanaume waliovuka miaka sitini ambao magoti bado yanawaruhusu, na ambao wanajiuliza kama kuna busara yoyote kutoa shilingi 35,000 ili kukimbia kilomita kumi katikati ya masika. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo nimekwisha kuwaandikia wenyewe, na naona si uungwana kumsema mtu hadharani barua yako ikiwa bado iko mezani kwake.

Mbio zenyewe zilikuwa za aina mbili. Za kilomita tano zilikuwa za familia: watoto, wazazi waliobeba vichanga mgongoni, watu wa viti vya magurudumu, na wale waliokuja kutembea huku wakipiga soga. Za kilomita kumi zilikuwa za sisi tunaokimbia, ingawa kwa upande wangu neno hilo lichukuliwe kwa huruma, maana mwendo wangu ni wa dakika nane na ushee kwa kilomita moja, na mtaani kwetu Sinza yupo mbwa ambaye hunisindikiza asubuhi kwa kutembea tu. Mshindi hakuahidiwa fedha. Wapo watakaoliona jambo hilo kuwa kasoro, lakini mimi naliona ndilo lililozipa mbio hizi utulivu wake, kwa sababu pasipo fungu la fedha mbele hakuna anayekanyagana na mwenzake kwenye mstari wa kuanzia, na mtu mzima anaweza kujipanga mahali anapopataka bila kupigwa kikumbo na vijana walioweka saa mbili mikononi. Mapato yalikusudiwa matibabu ya watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliogeukia ndani, nami nitalirudia jambo hilo baadaye kwa sababu ndilo lililonifanya nijiandikishe.

Namba na fulana tulikwenda kuzichukua siku mbili kabla. Kijana aliyekuwa mezani alinisalimia kwa adabu, "Shikamoo bibi," nami nikamwitikia marahaba. Kisha akaniuliza kama nimekuja kumchukulia mjukuu. Nilipomwambia kwamba namba ni yangu mwenyewe, na kwamba ni ya kilomita kumi, aliinamisha uso akaomba radhi mara mbili, na tangu hapo akanihudumia kama mkwe wake. Nilitumia nafasi hiyo kumwuliza jambo lililokuwa likinikera: kwa nini Aprili? Nilifundisha Jiografia kwa miaka thelathini na minne, na kila mwaka niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua linapopanda kaskazini na kushuka kusini, kwamba kwa sababu hiyo pwani yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, na kwamba masika huja kati ya Machi na Mei, kaskazi ikiwa imechoka na kusi ikiwa haijashika usukani, Aprili ukiwa mwezi unaomwaga kuliko yote hapa Dar es Salaam. Mtu anayepanga mbio mwezi huo ama hajasoma ramani ya mvua, ama ana sababu. "Sababu ipo, bibi," alisema. "Kuanzia Juni mpaka Oktoba kila wikiendi ina mbio za benki au za shirika fulani, na watu mifuko yao ni ile ile. Aprili tumebaki peke yetu." Nilikubali hoja yake, na nikachukua pini zangu nne.

Hapo ndipo nilipofungua mfuko nikaiona fulana. Ilikuwa nyeupe, ya pamba, nyepesi kiasi kwamba ukiinyanyua mbele ya dirisha unaona mtaa wa pili. Sitaki kulikuza jambo dogo, lakini naomba wanaume wanaosoma hapa wafikirie kidogo: mbio za masika, mvua ya hakika, na kila mwanamke anapewa fulana nyeupe ambayo ikilowa haifichi kitu. Sisi wenye umri tulijua la kufanya. Mimi nilivaa fulana nyeusi ya mikono mirefu ndani na traki nzito chini, na ushungi nikaufunga kwa pini. Wasichana wengi hawakuwa wamejiandaa, na nilipita karibu na wawili waliokimbia kilomita nzima ya kwanza wakiwa wamekunja mikono kifuani, mwendo ambao hauwezi kumfurahisha yeyote. Isitoshe, pamba ikilowa huwa nzito na hukwaruza. Fulana ya kitambaa cha michezo ingegharimu zaidi, nafahamu, lakini fulana hiyo hiyo ya pamba ikiwa ya rangi ya bluu ya bahari au maruni isingegharimu hata senti moja ya ziada. Hili ni lalamiko langu la kwanza, na ndilo kubwa. Saizi nazo zilikuwa za watu wasiozaa, ila hilo nimelizoea katika mbio zote.

Siku yenyewe niliamka saa kumi alfajiri, nikapaka mafuta ya mgando kila mahali ngozi inapogusana na ngozi au na mshono, na nawasihi wageni wa mbio za mvua wasilichukulie jambo hili kama mzaha, kwa sababu maji ya mvua husafisha jasho lakini huleta michubuko ambayo utaikumbuka ukiingia bafuni. Binti yangu aliamka kuja kunizuia. Alisimama mlangoni akiwa amejitanda khanga, akaniambia, "Mama, hii si mvua ya mtu kutoka," nami nikamjibu kwamba nimeshalipa, jibu ambalo katika nyumba yetu humaliza kila mjadala. Dereva wa bajaji aliyenipeleka aliendesha njia nzima akiwa ameshusha maturubai ya pembeni, na tulipofika alikataa kuamini kwamba ninashuka ili nikimbie kwa hiari yangu, bila kufukuzwa na mtu.

Nilichokiona uwanjani kilinipa moyo. Mahema yalikuwa ya kutosha, yamefungwa vizuri na kamba zake zimewekwa vitambaa vyekundu ili watu wasijikwae gizani. Vyoo vya kuhamishika vilikuwa na maji na sabuni, na mbele ya milango palimwagwa kokoto ili watu wasisimame kwenye tope wakisubiri zamu. Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni namna walivyohifadhi mizigo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2019, mizigo ya wakimbiaji siku ya mvua imekuwa mtihani, na nimewahi kushiriki mbio nyingine, mahali pengine, ambako nilirudishiwa mkoba wangu ukiwa umelowa kuliko mimi mwenyewe. Hawa walikuwa na ndoo kubwa za plastiki zenye vifuniko, kila ndoo ikiwa na namba za watu kumi zimeandikwa kwa rangi, zimepangwa juu ya mbao chini ya hema. Niliporudi, nguo zangu za kubadili zilikuwa kavu na bado zina joto la pasi. Anayefikiri kwamba hilo ni jambo dogo hajawahi kuvaa nguo mbichi akiwa na miaka 63.

Tulitakiwa kuanza saa 12:30 asubuhi. Ilipofika saa 12:15 radi ilipasua upande wa baharini, na mshereheshaji akatangaza kwamba hakuna atakayekwenda barabarani, na hasa darajani, mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Palikuwa na minong'ono. Mimi niliona ni uamuzi wa watu wanaojua kazi yao: mvua haimdhuru mkimbiaji, lakini radi haina mzaha na mtu aliye juu ya daraja lililo wazi, na kanuni ya kusubiri nusu saa ndiyo inayofuatwa katika michezo ya nje sehemu nyingi duniani. Waliirudia sababu hiyo kwenye spika kila baada ya muda mfupi, wakatuchezesha mazoezi ya kupasha misuli chini ya mahema, na saa moja kasoro dakika tano tukapangwa. Radi ilikuwa imekwenda zake. Mvua haikwenda popote.

Njia ilipita kwanza Barabara ya Toure kuelekea Masaki, ikageuka na kurudi pembezoni mwa Coco Beach, kisha ikapanda Daraja la Tanzanite mpaka ng'ambo karibu na Hospitali ya Aga Khan, na kurudi. Katika kilomita ya kwanza niliona jambo ambalo huonekana katika kila mbio za mvua: watu huruka madimbwi, huchepuka, hukimbilia ukingoni mwa lami ili raba zisilowe, na foleni nzima huyumba kama siafu waliomwagiwa majivu. Kisha hutokea dimbwi moja lisilo na njia ya kulizunguka. Letu lilikuwa pale mtaro uliposhindwa kumeza maji, yakatanda barabara nzima kwa kina cha kifundo cha mguu. Tulipita, raba zikajaa, na kuanzia hapo uso wa kila mtu ukabadilika. Mtu mzima aliyekwisha kulowa chapachapa hana tena cha kulinda. Vijana walianza kuyapiga maji teke kwa makusudi, na kikundi kimoja cha wakimbiaji wa mtaani, wenye fulana zao za kijani, kikaanzisha nyimbo za mchakamchaka.

Sisi tuliosoma miaka ya sabini hatuhitaji kufundishwa mchakamchaka. Tulikimbia kila alfajiri kabla ya kufagia uwanja wa shule, miguu mitupu, kiranja mbele na mwalimu wa zamu nyuma akiwa na kiboko chake, na wakati huo sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitalipa fedha ili nifanyiwe jambo lile lile. Lakini mwili una kumbukumbu zake. Waliposhika mwendo wa wimbo nikajikuta nimeingia kwenye safu yao, nikiitikia, na nilikimbia nao karibu kilomita mbili kwa mwendo ambao peke yangu nisingeuthubutu. Msichana aliyekuwa kando yangu aliniuliza, "Mama, hizi nyimbo umezijulia wapi?" Sikuwa na pumzi za kumweleza.

Daraja ndilo sehemu iliyostahili ada yote. Lilianza kutumika mwaka 2022, na lina urefu wa kilomita moja na kidogo juu ya maji, likiwa limejengwa ili kupunguza msongamano wa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi pale Daraja la Salender. Ukilivuka kwa gari huoni kitu zaidi ya kingo zake. Ukilivuka kwa miguu, na hasa siku ya mvua kubwa, unapata somo zima la Jiografia bila chaki. Kushoto kwetu tulipokuwa tukienda ilikuwa Bahari ya Hindi, ya kijivu, isiyo na mpaka kati yake na mawingu. Kulia ilikuwa hori la Salender na mikoko yake, na hapo ndipo Mto Msimbazi unapomwaga maji yake baada ya kushuka kutoka vilima vya Pugu na kupita katikati ya jiji. Mto ulikuwa umejaa. Maji yake ya rangi ya chai ya maziwa yalipita chini ya miguu yetu na kuingia baharini, na mahali yalipokutana na maji ya chumvi palionekana mstari, kama ukingo wa kanga, hudhurungi upande huu na kijivu upande ule. Nilisimama. Katika maisha yangu ya ualimu nimechora mdomo wa mto ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kuuona ukifanya kazi yake waziwazi namna ile, udongo wa Kisarawe ukikabidhiwa bahari mbele ya macho yangu. Nilipoteza kama dakika mbili na sizijutii.

Kwa upande wa usalama, daraja likilowa lina hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Vile viungio vya chuma vinavyounganisha vipande vya daraja huteleza kama sabuni, na mistari ya rangi barabarani huteleza vilevile. Kwenye kila kiungio waandaaji walikuwa wamemsimamisha kijana mwenye bendera ya njano ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, kutwambia tupunguze mwendo na tukanyage bapa. Vijana wale walisimama kwenye upepo wa bahari, mvua ikiwapiga ubavuni, kwa zaidi ya saa mbili. Yule wa kiungio cha tatu alikuwa akitetemeka meno, na bado alinishika kiwiko akanivusha: "Taratibu mama, hapa pana utelezi." Sikumwona mtu yeyote aliyeanguka darajani.

Niseme neno kuhusu umri na mvua, kwa sababu wenzangu wengi wanaogopa kinyume cha kinachopaswa kuogopwa. Watu huniambia kwamba mvua itanipa kichomi. Ukweli ni kwamba adui wa mkimbiaji mwenye umri mkubwa katika jiji hili ni joto na unyevu wa hewa: kadiri miaka inavyokwenda ndivyo mwili unavyochelewa kutoa jasho na kushindwa kujipoza haraka, na hata kiu hupungua, hivyo mtu hukaukiwa na maji bila kuhisi. Mbio zangu za Januari mwaka jana, chini ya jua la saa mbili, ziliniacha na kizunguzungu mpaka jioni. Siku hii ya mvua mwili ulipozwa bure kuanzia mwanzo hadi mwisho, mapigo ya moyo hayakupanda kupita kiasi, na magoti, ambayo kwa kawaida huanza kunung'unika kwenye kilomita ya saba, yalisubiri mpaka ya tisa. Baridi huingia ukisimama, si ukikimbia. Ndiyo maana nguo kavu na chai ya moto mwishoni ni sehemu ya huduma kama ilivyo namba ya kifuani, na hawa walivitoa vyote viwili.

Vituo vya maji vilikuwa vitatu. Kuna kichekesho katika kumpa maji mtu anayenyeshewa, na wakimbiaji wengi walipita wakicheka bila kunyoosha mkono, lakini mama mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye kituo cha pili hakukubali mzaha huo. Alinifuata hatua kumi akiwa na kikombe, akasema, "Dada, mvua inalowesha ngozi, hailoweshi koo," na sikuondoka mpaka nimekimaliza. Vikombe vilikuwa vya karatasi na mapipa yaliwekwa mbele kidogo, mahali sahihi, ambapo mtu huwa amekwisha kunywa. Ndizi zilikuwepo. Kinywaji cha chumvi na sukari kiliisha mapema kwenye kituo cha mwisho, jambo ambalo wangelifikiria.

Sasa nifike kwenye lililo muhimu kuliko yote katika kupima mbio za watu wa kawaida, nalo ni namna wanavyotendewa wa mwisho. Hakuna mshereheshaji wa mbio Tanzania asiyemtaja John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni aliyeingia uwanjani kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni ile, na akaikamilisha. Tunampenda sana Akhwari kwenye spika. Lakini nimewahi kufika mwisho wa mbio, katika miaka hii mitatu, nikakuta utepe umeshakunjwa, medali zimeisha, na yule yule aliyemtaja Akhwari asubuhi anapakia spika zake kwenye pikapu. Kwa hiyo, nilipoimaliza mwenyewe kwa saa 1 na dakika 24, nikavaa nguo kavu na kurudi kusimama karibu na utepe kuangalia.

Nyuma kabisa alikuwa akitembea mzee mmoja mrefu, mwenye fimbo, pamoja na mwanamke aliyemshikia mwavuli ambao upepo ulikwisha kuugeuza nje ndani. Gari la wagonjwa lilikuja nyuma yao kwa umbali wa heshima, taa zikiwaka, bila honi wala kuwasogelea. Trafiki walikuwa bado wameizuia barabara, ingawa foleni ya magari ilikuwa imeanza kulalamika. Ilikuwa saa 2 na dakika 10 tangu tuanze. Utepe ulikuwepo, saa kubwa ilikuwa ikihesabu, na vijana wa kujitolea kama ishirini, wote wameloa kama kuku, walijipanga pande mbili wakipiga makofi. Mshereheshaji hakumtaja Akhwari hata kidogo. Alisoma jina la mzee kutoka kwenye orodha, akatamka vizuri, na akampa medali ile ile niliyopewa mimi na ile ile aliyopewa kijana wa dakika 36. Mzee aliitazama medali, akaifuta maji kwa kiganja, akauliza chai iko wapi.

Chai ilikuwa ya tangawizi, ya moto kweli, haijapoa njiani, na ilipatikana kwenye hema ambalo ndani yake walikuwa wameweka picha za kueleza mguu kifundo. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Karibu mtoto mmoja katika kila elfu huzaliwa na unyayo uliogeukia ndani, na wengi hudhani kwamba mtoto huyo atachechemea maisha yake yote, au wanamficha, wakati tiba inajulikana na haihitaji upasuaji mkubwa. Kwa njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti, mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa mikono kila wiki na kufungwa plasta, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Kisha mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu kutwa nzima kwa miezi mitatu ya mwanzo, na baadaye usiku tu mpaka afikishe umri wa miaka minne hivi. Viatu vikiachwa mapema, mguu hurudi ulikokuwa. Mama kijana aliyekaa hemani na mwanawe wa kiume mwenye viatu hivyo alinieleza kwamba plasta yenyewe haikumshinda. Kilichomshinda ni nauli ya kutoka Mkuranga kila wiki, wiki sita mfululizo, huku akiacha genge lake bila mtu. Mchango wa mbio kama hizi, alivyoniambia, ndio uliomlipia safari tatu za mwisho. Mtoto alikuwa amelala, miguu yake miwili imeelekezwa nje kama mishale ya saa inapokuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Kwa sababu hiyo hiyo lalamiko langu la pili si dogo. Mwishoni mwa shughuli mshereheshaji alitangaza kiasi kilichokusanywa, na wakati huo huo mvua ikaamua kulipiga turubai la hema kwa nguvu zake zote. Nilisikia makofi. Kiasi sikukisikia, wala aliyekuwa karibu yangu, wala mpaka leo sijakiona kimeandikwa mahali popote, ingawa matokeo ya muda tuliletewa kwa ujumbe wa simu siku ya pili, tena kwa usahihi wa sekunde. Mtu anayeweza kuniambia kwamba nilitumia sekunde 17 zaidi ya dakika 84 anaweza pia kuniambia kiasi kilichopatikana, kiasi kilichotumika kwa mahema, fulana na medali, na kilichobaki kwa ajili ya nauli za akina mama wa Mkuranga. Sina shaka na nia yao, niliiona barabarani. Naomba karatasi moja tu.

Kwa anayefikiria kujiandikisha: ukitafuta kuvunja rekodi yako, subiri miezi ya kusi, kwa sababu hapa utapoteza muda kwenye viungio na madimbwi. Ukiwa na watoto wadogo wa kilomita tano, wabebee nguo mbili za kubadili, moja haitoshi. Chukua raba zako za zamani zenye soli nzuri, si mpya, na ukirudi zijaze magazeti na uzianike kivulini, usizisogeze karibu na jiko. Mihogo ya Coco Beach usiitegemee, wauzaji wengi walikuwa wamefunika meza zao na kwenda nyumbani, wakionyesha akili kuliko sisi.

Mimi mwakani nitakuwepo. Nimewaandikia hivyo pia katika ile barua, na chini yake nikaambatanisha kipande cha kitambaa cha rangi ya maruni, kusudi wasije wakasema hawakuelewa.